MRI ya mgongo wa mtoto: anza kuhesabu pingili kutoka shingoni

Fomu ya maombi ikinifikia imeandikwa "MRI ya kiuno, kishimo mgongoni", siendi kwenye mashine. Naenda kumwona mtoto. Namwomba mama amlaze kifudifudi mapajani, nami nashuka na kidole gumba kuanzia kisogoni, pingili baada ya pingili, mpaka kwenye ufa wa makalio. Ni dakika mbili tu, lakini mara nyingi ndizo zinazoamua picha zipigwe vipi, na wakati mwingine kama kuna haja ya kuzipiga kabisa.

Kazi hii nilianza nikiwa mteknolojia wa mionzi, nikiwaviringisha watoto blanketi na kuwaziba masikio, kabla sijarudi chuoni kusomea udaktari wa radiolojia. Nimekaa pande zote mbili za kile kioo. Ninayoandika hapa ni kwa wenzangu wanaoanza kuletewa watoto wenye kasoro za uti wa mgongo za kuzaliwa nazo, hasa wale ambao hawana bingwa wa watoto chumba cha pili wa kumgongea mlango.

Ngozi kwanza

Mrija wa neva, ambao baadaye huwa ubongo na ugwe wa mgongo, hujifunga mapema mno: kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Mrija huo hutoka kwenye tabaka lile lile linalozaa ngozi. Ngozi na ugwe ni ndugu wa tumbo moja, na mmoja akiharibikiwa, mwenzake mara nyingi hubeba alama. Tafuta kishungi cha nywele katikati ya mgongo, uvimbe laini wa mafuta, doa jekundu la kuzaliwa nalo, kinyama kama mkia, au kitundu kinachotoa unyevu. Kitundu cha namna hiyo usikichokoe kwa kitu chochote wala usikiingizie dawa ya picha. Kinaweza kuwa njia inayofika mpaka kwenye ugwe, na bakteria wakipita hapo mtoto hupata homa ya uti wa mgongo.

Kishimo cha kawaida ni kitu kingine. Kikiwa katikati kabisa, ndani ya ufa wa makalio, upana wake haufiki milimita 5, kipo ndani ya sentimita 2.5 kutoka kwenye tundu la haja kubwa, na hakuna alama nyingine pembeni, mtoto huyo hahitaji MRI. Mwambie mama hivyo waziwazi, akalale usingizi wake. Kishimo kilicho juu ya ufa, kipana au kilichoambatana na nywele, hicho kifuatilie.

Kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu au minne, anza na ultrasaundi. Matao ya nyuma ya pingili bado ni gegedu, mawimbi yanapita, na unaweza kuuona ugwe ukicheza ndani ya maji yake pamoja na mapigo ya moyo. Mifupa ikishakomaa dirisha hilo linafungwa. Ultrasaundi ikiwa safi na alama ya ngozi ni ndogo, umemwokoa mtoto na nusu kaputi isiyo ya lazima.

Muulize mama maswali machache huku mtoto akiwa bado mapajani. Anakojoa kwa mkondo, au nepi inalowa matone kwa matone siku nzima? Amewahi kutibiwa maambukizi ya njia ya mkojo, mara ngapi? Mguu mmoja ni mwembamba kuliko mwingine? Kwa mkubwa: alikuwa anatembea vizuri, sasa anajikwaa? Mama mmoja aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba anamnunulia mwanawe jozi mbili za viatu za saizi tofauti ili apate jozi moja. Fomu haikuwa na neno hilo. Nilijua nini nakitafuta kabla mtoto hajapanda kitandani.

Kabla hujaondoka hapo, uliza pia juu ya vitu viwili ambavyo watu husahau. Cha kwanza ni mrija wa kupunguza maji kichwani. Baadhi ya mirija hiyo ina valvu inayorekebishwa kwa sumaku, na sumaku ya MRI inaweza kuibadilisha. Andika aina ya valvu na kiwango chake kabla ya picha, na upange kabisa nani ataikagua baada ya picha, siku hiyo hiyo. Cha pili ni mzio wa mpira wa asili. Watoto wa mgongo wazi, yaani waliozaliwa uti wa mgongo haujajifunga, kwa kuwa hupasuliwa na kuwekewa mipira ya mkojo tangu wachanga, hupata mzio huu kuliko watoto wengine. Glavu za mpira wa asili zikae mbali nao.

Usingizi

Picha za mgongo mzima huchukua dakika 30 hadi 60, na mtoto akicheza hata kidogo ugwe wake, ambao ni mwembamba kama kidole chake mwenyewe, unageuka ukungu. Mchanga wa chini ya miezi mitatu mara nyingi hahitaji dawa. Mpange anyonye nusu saa hivi kabla ya picha, akiwa na njaa ya kweli, umbadilishe nepi, umviringishe vizuri, upunguze taa, umpe muda wa kuzama usingizini. Usiwe na haraka hapo. Dakika 15 za kukaa kimya gizani na mama zimenipa picha nzuri kuliko dawa iliyotolewa kwa pupa.

Lakini amua mapema ni njia ipi, kwa sababu hizi mbili hazichanganyiki. Anayepewa nusu kaputi lazima afunge: chakula na maziwa ya kopo kwa muda wa saa 6, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2, au kama daktari wa usingizi wa kwenu atakavyoelekeza. Mtoto aliyeshiba, kisha akakataa kulala, hawezi kuchomwa dawa papo hapo. Atarudishwa siku nyingine, na huo ni uamuzi sahihi hata kama foleni ni ndefu.

Masikio yazibwe mara mbili, kwa vizibo na kwa vifuniko juu yake, maana kelele za mashine zinaweza kupita desibeli 100. Mtoto anayepewa dawa naye azibwe, kwani kulala hakuyafungi masikio. Nyaya za monita zisijikunje kuwa duara na zisilale juu ya ngozi tupu. Weka kitambaa kati ya mapaja, na kati ya mikono na kiwiliwili, ngozi isigusane na ngozi. Mkondo wa umeme huzunguka kwenye miduara hiyo na kuunguza. Mchanga hupoa haraka ndani ya chumba kile, na mashine yenyewe hupasha mwili joto, kwa hiyo joto lake lipimwe kabla na baada.

Niseme kidogo juu ya mchanga mwenye mgongo wazi kabisa, kidonda kikiwa hakina ngozi. Huyo kwa kawaida hufungwa na daktari wa upasuaji ndani ya siku mbili tatu za kwanza, na MRI isimcheleweshe. Kidonda kinaonekana kwa macho. Picha inayohitajika zaidi ni ya kichwa, na ultrasaundi kupitia utosini inaweza kutosha kwa kuanzia. Akiletwa kwenye MRI, alale kifudifudi au kwa ubavu, kidonda kikiwa kimefunikwa kwa shashi safi yenye maji ya chumvi.

Hesabu kutoka juu

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipomkosea mtoto.

Alikuwa msichana wa miaka minne. Fomu iliomba kiuno tu, nikapiga kiuno tu. Nikahesabu pingili kutoka chini: hii ndiyo ya mwisho ya kiuno, basi ni L5 (L ni pingili za kiuno, zikihesabiwa kutoka juu), juu yake L4, na kuendelea. Ncha ya ugwe nikaiandika L2, kawaida. Baada ya miaka miwili alirudi. Alikuwa ameanza tena kulowa mkojo mchana, na nyayo zake zilikuwa zimeanza kujikunja. Daktari wa upasuaji wa neva aliagiza mgongo mzima. Tulipohesabu kuanzia shingoni tukakuta pingili ya juu ya nyonga ilikuwa imejitenga na kujifanya ya kiuno. Nilichokiita L5 kilikuwa S1, pingili ya kwanza ya nyonga. Ncha niliyoiandika L2 ilikuwa L3, na ilikuwa pale pale tangu mwanzo. Tena mikato yangu ya kukingama iliishia katikati ya kiuno, kwa hiyo sikuuona uzi wa mwisho, ule unaoshuka kutoka kwenye ncha ya ugwe, uliokuwa mnene na wenye mafuta ukiuvuta ugwe chini. Alipasuliwa. Miguu ilitulia. Kibofu hakikurudi chote.

Tangu siku hiyo sipigi kiuno peke yake kwa mtoto mwenye kasoro ya kuzaliwa nayo. Piga picha ya kwanza ya kutafutia inayoonyesha kuanzia fuvu mpaka kitokono, utambue C2, pingili ya pili ya shingo, kwa kile kidole chake kinachosimama juu, kisha shuka: shingo 7, kifua 12, kiuno 5. Koili, kile kifaa kinachopokea ishara za picha, ikiwa fupi, piga vipande viwili vinavyoingiliana na uweke alama inayoonekana katika vyote viwili. Kwa watoto hawa pingili zinaweza kuwa nusu, zikagawanyika kama kipepeo, zikaungana mbili kuwa moja, au zikapungua na kuzidi. Anayehesabu kutoka chini anahesabu juu ya msingi ambao wenyewe ndio mbovu.

Picha zenyewe

Mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5 inatosha. Ya 3 inatoa picha kali zaidi, ila majimaji ya mgongo yanayotembea huacha vivuli vingi zaidi na joto la mwili hupanda upesi.

Piga T1 na T2, namna mbili za picha za MRI zinazoonyesha mafuta na maji kila moja kivyake. Ziwe sajitali za mgongo mzima, yaani mikato inayogawa kushoto na kulia, unene wa milimita 3 au pungufu. Kwa mchanga shuka chini ya hapo ukiweza. Usiifupishe T1 ili uokoe muda. Katika kasoro hizi T1 ndiyo inayotafuta mafuta: mafuta yanang'aa, majimaji ni meusi, ugwe uko katikati. Kisha piga T2 aksiali, mikato ya kukingama, kuanzia juu kidogo ya ncha ya ugwe mpaka mwisho kabisa wa mfuko wa uti, ule unaobeba ugwe na majimaji yake, ndani ya nyonga, pamoja na T1 aksiali sehemu hiyo hiyo. Ukiona kitu cheupe kwenye T1, kipige tena kwa namna ya kuzima mafuta. Kikizimika ni mafuta, kikibaki kinaweza kuwa damu au kitu chenye protini.

Weka ukanda wa kuzima, yaani eneo ambalo mashine hainyakui ishara yake, mbele ya pingili ili vivuli vya pumzi, koo na matumbo visimwagike juu ya ugwe. Ukipata nafasi, ongeza picha ya T2 nzito ya pande tatu, yenye mikato ya milimita 1 au chini yake. Hiyo inaonyesha mizizi ya neva moja moja ikielea majini, na madaktari wa upasuaji huipenda sana kwa sababu wanaweza kuigeuza watakavyo.

Mgongo uliopinda unahitaji akili nyingine. Mkato wa sajitali utaingia kwenye ugwe na kutoka, kisha utadhani ugwe umekatika. Piga koronali, yaani ya mbele na nyuma, na pange mikato ya sajitali kwa vipande ukifuata mpindo. Hiyo koronali inakupa zawadi ya ziada: figo zote mbili. Watoto waliozaliwa na pingili mbovu mara nyingi wana kasoro ya figo pia, kwa sababu viungo hivi huumbika katika majuma yale yale. Nimewahi kuona mtoto mwenye figo moja ambaye hakuna aliyejua mpaka picha ya mgongo.

Dawa ya picha ya gadolini siitumii kwa kawaida. Naiomba kukiwa na homa na kitundu cha ngozi, au nikishuku uvimbe. Kwa kitundu, ongeza pia picha ya mtawanyiko wa maji: uvimbe wa epidermoidi hujificha kwa kufanana na majimaji ya mgongo kwenye T1 na T2, lakini kwenye mtawanyiko unang'aa.

Kusoma

Mimi huanza na ncha ya ugwe. Kwa mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake inapaswa kuwa karibu na L1 au L2. Ikishuka chini ya diski ya L2 na L3 inatia shaka. Halafu naufuata uzi wa mwisho kwenye mikato ya kukingama. Unene wake ukizidi milimita 2 si wa kawaida. Doa dogo la mafuta kwenye uzi mwembamba, ncha ikiwa mahali pake na mtoto akiwa hana dalili, huonekana hata kwa watu wazima walio na afya. Litaje, usilipigie kengele. Vivyo hivyo kijifuko kidogo cha maji kwenye ncha yenyewe, chenye kingo laini.

Mafuta yakiwa yamegusana na ugwe, daktari wa upasuaji anataka kujua mahali hasa yanapokutana. Mkutano ukiwa ndani ya mfereji wa pingili ni hali moja, na ukiwa umesukumwa nje ya mfereji, kwa sababu majimaji yamepanuka mbele ya ugwe, ni nyingine. Mwambie pia ugwe umezungukia upande gani. Ukiwa umepinduka kulia, mizizi ya upande mmoja imefupika na ya upande wa pili imejitandaza pale pale ambapo kisu kitapita.

Ugwe uliogawanyika pande mbili hujificha kwenye sajitali, ukaonekana kama umekonda tu. Mkato wa kukingama unausema mara moja: vidoa viwili badala ya kimoja. Tafuta kama kila nusu ina mfuko wake, na kati yao kuna mfupa au gegedu, au kama zote zimo mfuko mmoja na kati ni utando. Mfupa huo kwa kawaida hukaa mwisho wa chini wa mgawanyiko, kabla nusu mbili hazijaungana tena. Ukiwa na uboho ndani unaweza kung'aa kwenye T1, na ukiwa mgumu mtupu ni mweusi na huponyoka macho. CT ya sehemu ile tu inaweza kuthibitisha. Kugundua jambo hili kabla ya mtoto kunyooshwa mgongo ni muhimu sana, kwani ugwe uliochomwa na mfupa ukivutwa unaweza kumpoozesha miguu.

Chunga vivuli vya uongo. Madoa meusi nyuma ya ugwe kifuani kwenye T2 kwa kawaida ni majimaji yanayotiririka, si mishipa ya damu. Mstari mwembamba uliokwenda sawasawa katikati ya ugwe unaweza kuwa umetengenezwa na mashine yenyewe. Ukitoweka kwenye mkato wa kukingama au ukipiga kwa nukta ndogo zaidi, haukuwa tundu la maji ndani ya ugwe. Na kwa mchanga usishtuke kuona pingili nyeusi kwenye T1. Uboho wake bado ni wa kutengeneza damu.

Mtoto aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa, mtazame nyonga vizuri. Mfupa wa chini unaweza kuwa umepungua au kukatwa kama mundu, na mbele yake kukawa na uvimbe. Ukikuta ugwe umeishia juu isivyo kawaida, butu kama rungu, ujue mkia wote wa mgongo haukuumbika. Hapo ncha kuwa juu si habari njema.

Kwa mwenye mgongo wazi, kichwa ni sehemu ya kipimo. Karibu wote wana hali ya Chiari aina ya 2: ubongo wa nyuma umevutwa chini kupitia tundu la fuvu, na maji hujaa vyumba vya ubongo. Piga angalau T2 ya kichwa na uitazame makutano ya kichwa na shingo. Aliyekwisha kupasuliwa, usiandike kwamba ugwe umenaswa tena, yaani umeshikiliwa na kuvutwa, kwa sababu tu uko chini. Baada ya upasuaji huo ugwe hubaki chini karibu daima. Linganisha na picha za zamani: je, tundu la maji limekua, ugwe umejikaza zaidi, mtoto amepoteza kitu alichokuwa nacho?

Ripoti na mama

Ripoti yangu inaanza na sentensi inayosema nilivyohesabu: "Pingili zimehesabiwa kutoka C2." Kisha naandika namba za pingili juu ya picha moja ya sajitali na kuihifadhi pamoja na nyingine, ili hata akiisoma mtu mwingine miaka kumi baadaye tuwe tunazungumzia pingili moja. Kama zipo 13 za kifua au 6 za kiuno, naeleza nimeziitaje.

Mama atakuuliza alikosea wapi. Ataliuliza hata kama hakulitamka. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku kabla ya kushika mimba na miezi mitatu ya mwanzo, hupunguza hatari ya mgongo wazi, na mwambie hivyo kwa ajili ya mimba ijayo. Mama aliyekwisha kuzaa mtoto wa namna hii huandikiwa na daktari kipimo kikubwa zaidi. Lakini wapo waliomeza kila kidonge na bado mtoto akazaliwa hivyo. Huwa namwonyesha picha. Naweka kidole kwenye ugwe, nashuka nao taratibu kutoka shingoni, namwonyesha uliponaswa, kisha namwambia ni nani atakayemwona na lini. Wakati huo mteknolojia anakuwa chumba cha pili, akikagua valvu kama mtoto anayo na kumtoa vizibo vya masikio, na akishaamka vizuri na daktari wa usingizi akiruhusu, anarudishiwa mama amnyonyeshe.